Mama yangu kutoka Kinole alivyopiga hodi kwenye mtaa wa kimya Uingereza

Wakuu, salaam kwenu wote, na shikamoo kwa mlionitangulia umri.

Naandika nikiwa Kilakala, barazani kwa dada yangu, tuko likizo. Mlima leo hauonekani, wingu limeshuka mpaka chini na mvua ya rasharasha inanyesha. Mtoto kalala. Nina kama saa nzima.

Nitakayoyasema nimeyaona kwa macho yangu, mengine nimeyafanya mwenyewe, na mengine naona aibu kuyasema lakini nitayasema. Atakayeona hii ni chai, atafute kitafunwa aendelee, sitabishana naye. Majina ya watu nimebadilisha na mji sitautaja.

Kilichonisukuma ni hivi. Kila nikiingia jukwaani nakuta mtu anauliza "Uingereza kukoje?" Majibu yote ni London, maghorofa, treni za chini ya ardhi, kubeba boksi. Sisi wengine London tumepita tu kutoka airport. Tunaishi pembeni ya miji midogo, kwenye mitaa ambayo hakuna anayeizungumzia, kwa sababu hakuna kinachotokea huko.

Sasa mimi naomba niwaeleze huo mtaa ambao hakuna kinachotokea.

Mume wangu, nitamwita Baba Zuhura, ni mwalimu wa chuo. Tulikuwa tunakaa Mzumbe, maisha ya kawaida, kuku nyuma ya nyumba na jirani anakuja kuomba chumvi. Akapata nafasi ya kwenda kusoma PhD. Mimi nikamfuata kama mke, nikapata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ile wanayoita care home.

Tukapanga nyumba nje ya mji. Nyumba za matofali mekundu, zimeungana mbilimbili kama mapacha, kila moja ina kipande cha bustani mbele na kingine nyuma. Ua umekatwa ukanyooka kama umepigwa rula.

Wakuu, ule ukimya.

Wiki ya kwanza nilimuuliza mume wangu, "Hivi hapa kuna msiba?" Nilikuwa sitanii. Unaweza kusimama dirishani kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana usione mtu akipita kwa miguu. Unaona paka. Unaona gari linatoka, linarudi, mlango unafunguliwa, unafungwa. Mapazia meupe. Jumamosi unasikia mashine ya kukata majani, basi hiyo ndiyo sherehe ya wiki. Ndani ya nyumba nilikuwa nasikia friji likipumua.

Si watu wabaya, naomba nieleweke. Ukimkanyaga mtu anakuomba samahani yeye. Ukikutana naye anakwambia "You alright?" Siku za mwanzo nilikuwa nasimama namweleza kwamba niko salama ila mgongo unauma na nyumbani mama hajapokea simu tangu juzi. Namwona mtu anarudi nyuma taratibu kama amekutana na nyoka. Nikajifunza kwamba lile si swali.

Halafu siku moja tukakuta karatasi imeingizwa mlangoni. Milango yao ina kitundu katikati chenye kifuniko, mtu wa posta anapenyeza barua humo. Karatasi ilikuwa na mwandiko mzuri kabisa, inatuambia kwamba pipa letu la taka tumelitoa nje siku moja kabla ya siku yake, na mwisho imeandikwa "Kind regards". Imetoka kwa mama mmoja anayeitwa Pauline. Anakaa mkabala na sisi! Hatua ishirini! Alivaa koti, akavuka barabara, akatumbukiza barua, akarudi kwake. Kugonga mlango aseme, hapana.

Mimi nikaogopa. Kuanzia hapo nikawa mwanafunzi bora wa ule mtaa. Sauti chini, pazia nusu, pipa kwa siku yake, nikikutana na mtu natabasamu kidogo napita. Mwaka mzima ukaisha, jirani niliyemjua kwa jina alikuwa mmoja tu, mzee Derek, tuliyegawana naye ukuta. Na hata huyo nilimjua jina kwa sababu barua yake ililetwa kwetu kimakosa.

Nilijiona nimeshakuwa mwenyeji. Kumbe nilikuwa nimenyamaza tu.

Nikapata ujauzito. Nikajifungua mtoto wa kike, tukampa jina la mama yangu, Zuhura. Na mama mwenyewe akaja kunitunza uzazi.

Niwaambie kidogo kuhusu mama. Ni Mluguru wa Kinole, upande wa mlima unaotazama mashariki, kwenye ndizi, mdalasini na pilipili manga. Kiingereza hajui hata neno moja, na Kiswahili chake ukikisikiliza unasikia mlima ndani yake. Marehemu baba alifanya kazi reli, kwa hiyo mama aliwahi kuishi Kisaki miaka mingi kabla ya kurudi kwao. Ana zaidi ya miaka sitini, anapanda kilima na mzigo kichwani huku anaongea. Mimi napanda mikono mitupu nahema.

Alifika na begi moja. Nusu ya begi ilikuwa mdalasini, pilipili manga na kanga. Siku ya pili tu nikawa nakunywa uji wa pilipili manga unaokutoa machozi, na nyumba nzima inanuka kama jikoni kwa bibi.

Sasa shida ikaanza.

Mama anasalimia. Ndiyo alivyo. Kinole hupiti mbele ya mtu bila kusimama, unamwuliza yeye, watoto, shamba, na mgonjwa wake kama yupo. Akawa anatoka na mtoto kwenye kigari, mtu wa kwanza anayekutana naye, "Habari za asubuhi!" Kwa sauti ile ya kuvusha bonde. Watu wanashtuka. Dereva wa gari la taka anasalimiwa. Mbwa anasalimiwa, maana mwenye mbwa hakuitika. Pauline wa barua akapungiwa mkono kutoka ng'ambo ya barabara mpaka akaangusha funguo.

Na nguo za mtoto alikuwa anafua kwa mikono, anaanika bustani ya nyuma, anaimba.

Siku moja, wakuu, hili ndilo ninaloona aibu, nilimkuta amesimama kwenye uzio wa mbele anamsimulia mtu wa posta kwa Kiswahili kuhusu mvua za kwetu. Yule kijana anatikisa kichwa kwa adabu, anaangalia saa. Nikamvuta mama ndani.

Nikamwambia, "Mama, hapa si Kinole. Huku watu hawasalimiani hivyo. Ukimsemesha kila mtu watakuona hauko sawa, na sisi tutaonekana washamba."

Akanitazama. Hakugomba. Angegomba ingekuwa afadhali.

Akasema, "Haya mwanangu. Nchi yako wewe, sheria zako." Akachukua beseni akaenda nyuma kuanua nguo.

Siku nzima hakuimba.

Kuanzia hapo barabarani alinyamaza, akawa anatembea ameinamisha kichwa kama mgeni msibani. Lakini mtu mmoja hakuacha kumsalimia. Mzee Derek.

Huyu mzee alikuwa na zaidi ya miaka themanini, mkewe alishafariki, anaishi peke yake. Kila asubuhi, saa tatu kamili, alikuwa anatoka bustani ya nyuma na kopo la mbegu kulisha ndege. Uzio kati yetu ulikuwa mfupi, unafika kifuani. Na mama saa hiyo yupo kwenye kamba yake ya nguo. Kwa hiyo kila siku, mama anapiga goti kidogo, "Shikamoo mzee!" Naye anainua kofia.

Siku moja Derek akaniita uzioni. Akaniuliza, "Samahani, mama yako huwa ananiambia nini?"

Nikaona haya. Nikamweleza kwamba ni salamu ya mkubwa, kwamba anamheshimu kwa umri wake.

Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Hakuna aliyewahi kunishukuru kwa kuzeeka. Mimi natakiwa nijibu nini?"

Nikamwambia, "Marahaba."

Akatoa kalamu mfukoni, akaandika nyuma ya pakiti ya mbegu. Kesho yake mama aliposema shikamoo, mzee akavaa miwani, akasoma pakiti, akajibu, "Mara-habba!" Mama alicheka mpaka akashika kamba ya nguo. Jioni nzima ananiambia, "Mzungu wangu kaitika."

Ikawa ndiyo desturi yao. Hawana neno lingine linalowaunganisha, ni hilo tu, kila siku saa tatu.

(Mkuu mmoja hapo chini naona anauliza mume alikuwa wapi muda wote. Alikuwa chuo, anaandika. Mwenye mume wa PhD anajua, yupo lakini hayupo. Tuendelee.)

Asubuhi moja mtoto ana wiki kama saba, mvua inanyesha ile ya kwao, nyembamba, haina radi wala haina mwisho. Baba Zuhura ameshaondoka. Nanyonyesha sebuleni. Mama akashuka ngazi, akasimama mlangoni.

"Yule mzee hajatoka."

Nikasema, "Mvua mama."

"Mvua juzi ilinyesha, alitoka na mwavuli. Saa nne hii inaelekea saa tano. Ndege wamejaa kwenye uzio wanamngoja. Na pazia la jikoni hajafungua."

"Labda kaenda kwa binti yake."

"Gari lake lipo."

"Labda kalala."

"Mzee wa umri ule halali mpaka saa hizi. Nenda kamgongee."

Wakuu, sikutaka. Nitawaambia ukweli kwa nini, na kila mtu aliye ughaibuni atanielewa. Nilijiona mimi mtu mweusi, niliyeko nchini kwa viza, nazunguka nyumba ya mzungu nachungulia madirisha. Akilini nikamwona Pauline nyuma ya pazia lake anapiga simu polisi. Nikaona barua nyingine mlangoni. Nikamwambia mama, "Huku mtu akijifungia kwake haumsumbui. Ndiyo heshima yao. Tusubiri mpaka mchana."

Mama akasema, kwa upole tu, "Tulipokuwa Kisaki na baba yako, nyumba zilikuwa za kuhesabu na pori limetuzunguka. Asubuhi usipoona moshi wa jirani, unaenda. Huulizi kama ni desturi. Unaenda. Akiwa mzima mnacheka, unarudi."

Akavaa koti la mume wangu juu ya kanga, akavaa yeboyebo zake, akatoka kwenye mvua.

Nilibaki na mtoto kifuani nasikia kupitia ukutani. Ngo ngo ngo. "Hodi! Hodi humu ndani!" Kimya. Ngo ngo ngo. "Hodi mzee!" Kimya. Mara ya tatu.

Kwetu hodi ni tatu, mtu asipoitika unaondoka. Nikashusha pumzi, nikajua anarudi.

Hakurudi. Nikafungua dirisha. Nikamwona mama amepiga magoti kwenye ngazi ya mlango wa Derek, maji yanamtiririka, ameinua kile kifuniko cha barua kwa vidole viwili, kaweka mdomo pale. Akaita ndani ya nyumba, kwa sauti ya mlimani:

"Shikamoo mzeee!"

Halafu akageuza sikio kwenye kitundu.

Mimi sikusikia kitu. Lakini niliona uso wake. Akageuka, akanitazama pale dirishani, akasema, "Kaitika."

"Kasema nini?"

"Kasema marahaba. Yuko chini. Sauti inatoka chini."

Sijui nilivyotoka. Nakumbuka nimembeba mtoto kwenye mbeleko na niko pekupeku barabarani. Nikapiga namba ya dharura. Dada wa simu ananiuliza, "Je, ana fahamu? Anaongea?" Namwambia ndiyo, anaongea. "Amesema nini?" Nikasema amejibu salamu. Sikuwa na namna nyingine ya kueleza.

Mlango umefungwa. Nyuma pia umefungwa. Gari la wagonjwa liko njiani lakini wamesema itachukua muda. Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho kwa mwaka na zaidi sikuwahi kukifanya. Nilivuka barabara nikagonga mlango wa Pauline. Siyo kugonga kwa Kiingereza. Niligonga kwa Kiluguru.

Akafungua amevaa ndara za manyoya. Nikamwambia Derek kaanguka. Akaweka mkono mdomoni, akageuka, akanyoosha mkono kwenye msumari nyuma ya mlango wake. Ufunguo wa Derek! Ulikuwa unaning'inia pale tangu mke wa mzee alipofariki, wa dharura. Alikuwa nao muda wote huo.

Tukaingia. Mzee alikuwa jikoni, sakafuni, ubavu mmoja, mguu umepinda vibaya. Alianguka jana yake jioni akitengeneza chai. Simu iko sebuleni. Kile kifaa chao cha kuvaa shingoni, cha kubonyeza ukipata shida, alikuwa amekitundika bafuni, eti yeye hajazeeka kiasi hicho. Midomo ya bluu, baridi kama jiwe.

Mama akawa wa kwanza kukaa chini. Akakaa sakafuni kabisa, akavua kanga yake ya mabegani akamfunika, akamshika mkono. Akaniambia, "Lete chai ya moto."

Nikasema, "Hapana mama. Kama mfupa umevunjika watampasua, hatakiwi kula wala kunywa. Na tusimgeuze."

Nilitegemea abishe. Akasema, "Hapo wewe ndiye unayejua. Sema tufanye nini."

Nikasema. Blanketi, mito, tusimsogeze kiuno, tumwongeleshe asilale. Pauline anakimbia kuleta blanketi kwake. Mimi naangalia anavyopumua, nahesabu mapigo ya moyo, na mtoto kifuani kalala kama hayupo. Na mama anaongea. Anamwongelesha mzee kwa Kiswahili mfululizo, habari za Kisaki, habari za simba waliokuwa wanapita karibu na stesheni, habari za baba. Derek haelewi neno, lakini macho yake hayakutoka usoni kwake. Sauti ikikatika, anafumba. Ikianza, anafumbua.

Walipofika watu wa ambulance walinisikiliza nilivyowaeleza, mmoja akaniuliza, "Wewe ni nesi?" Nikasema hapana, natunza wazee. Akasema, "Basi unaijua kazi yako."

Nilikuwa sijawahi kuambiwa hivyo tangu niingie nchi ile. Lakini wakati ananisifia, moyoni najua: mimi ninayetunza wazee ndiye niliyesema tusubiri mpaka mchana. Aliyeona ni mama.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari alimwambia binti yake kwamba saa chache zaidi kwenye ile baridi, mazungumzo yangekuwa mengine.

Tulipokwenda kumwona hospitali, Derek alinieleza jambo. Alisikia mtu akibisha mlango. Akajaribu kupiga kelele, koo limekauka, hakuna kilichotoka. Akasikia kimya, akajua mtu ameondoka. Akakata tamaa, akafumba macho. Halafu likaja lile neno kupitia kitundu cha barua. Akasema, "Sikulifikiria jibu. Lilitoka lenyewe."

Binti yake anaishi mbali, kaskazini kabisa. Alikuja kwetu na maua, analia, akamkumbatia mama mpaka kilemba kikafunguka. Akaniambia, "Tafadhali muulize, nimfanyie nini? Chochote."

Nikamtafsiria mama. Mama akafikiri, akasema, "Mwambie awe anaisikia sauti ya huyo mzee. Ampigie. Mtu hawezi kukaa siku nzima anaongea na ndege."

Nikatafsiri, nikapunguza makali kidogo. Lakini nadhani alielewa hata kabla sijatafsiri, maana aliinamisha kichwa. Na tangu siku ile, Derek mwenyewe aliniambia, simu yake inalia kila siku jioni mpaka anachoka.

Sasa msije mkadhani mtaa mzima uligeuka stendi ya Msamvu. Hapana. Ukimya upo palepale. Nyumba ya kona mpaka leo sijui anakaa nani.

Lakini Pauline alikuja. Alikuja kwa miguu yake, akagonga mlango, na mikononi hana karatasi. Akakaa jikoni kwetu, akanywa chai ya mdalasini, akasema ameishi pale miaka thelathini na siku ile ndiyo alikanyaga jikoni kwa Derek mara ya kwanza tangu mazishi ya mkewe. Alikuwa anaogopa kumsumbua. Derek naye alikuwa anaogopa kumsumbua yeye. Nikamwambia na mimi nilikuwa nawaogopa wote wawili. Tukacheka, ingawa si jambo la kuchekesha sana.

Mama akaniuliza tumeongea nini. Nilipomweleza akatikisa kichwa. "Watu wazima watatu, mnaogopana."

Nikamwomba msamaha siku hiyo. Kwa lile neno la washamba. Nilipiga magoti kabisa. Akanipiga kibao cha mgongoni, kile cha mapenzi, akasema mtoto analia, nenda kanyonyeshe.

Kesho yake aliimba kwenye kamba ya nguo.

Derek alirudi nyumbani na kile kifaa cha kutembelea chenye miguu minne, wiki mbili kabla viza ya mama haijaisha. Siku ya safari, Baba Zuhura anapakia begi kwenye gari, tukatoka nje tukakuta watu. Si wengi, labda saba, wanane. Kwa mtaa ule ni maandamano. Pauline, yule kijana wa posta, mama mwenye mbwa, na wengine ambao mimi mwenyeji sikuwajua ila mama aliwajua wote, huyu ni wa gari jeupe, huyu ni wa paka wawili.

Derek alikuwa amesimama kwenye geti lake. Kabla mama hajafungua mdomo, mzee akavua kofia, akasema, "Shikamoo."

Mama akarudi nyuma. "Hapana! Siwezi kuitikia, huyu ni mkubwa wangu, nitapata laana! Mwambie!"

Nikamwambia Derek kwamba kwa umri wake haruhusiwi. Akasema, "Mwambie kwa hesabu zangu, mkubwa ni yeye."

Nikatafsiri hiyo bila kupunguza kitu. Mama akajifunika uso kwa kanga, akaingia kwenye gari.

Wakuu, nikiwa shule niliwahi kuficha kwamba mama yangu anauza ndizi sokoni. Nikiwa Uingereza nilimvuta ndani ya nyumba asinitie aibu. Leo nikiulizwa nina nini cha kujivunia, sitaji PhD ya mume wangu, ingawa anaimaliza hivi karibuni na nampongeza. Namtaja mwanamke wa Kinole ambaye alikwenda nchi ya watu bila lugha, na akabaki vilevile.

Nilichojifunza ni hiki. Tunapokwenda kwa watu tunakimbilia kuacha vyetu tukidhani ndiyo ustaarabu. Vingine viacheni, kweli, hata mimi sauti nimepunguza. Lakini chunguza kwanza unaacha nini. Mimi nilikuwa karibu kuacha kitu kinachookoa watu.

Juzi tulipanda Kinole kumwona. Kulikuwa na shughuli kwa jirani, wanawake wamekaa kwenye mikeka wanamenya ndizi, wakamzunguka mama wanamwambia awasimulie Ulaya. Akasimulia! Mashine inayofua yenyewe. Mbwa aliyevalishwa koti. Mapipa ya taka ya rangi tatu na kila moja lina siku yake. Watu wanajishika mbavu. Nikakaa kando nasubiri afike kwa mzee Derek. Akamaliza, akachukua kisu, akaendelea kumenya.

Tunashuka njiani nikamuuliza, "Mama, mbona hukuwaambia la yule mzee?"

Akasimama kwenye kona, akanitazama kama mtu ambaye hajaelewa swali.

"Niwaambie nini? Kwamba nilimgongea jirani mlango?"

Kwa kuwa yeye hasemi, nimeona niseme mimi.

Karibuni mchangie, hasa mlioko nje na mnakaa mitaa kama ule: jirani yako anaitwa nani? Ila kama kuna mtu hapo mtaani kwako hujamwona tangu jana, acha kwanza comment, nenda kamgongee. Uzi utakukuta hapahapa.